France Ô: Chaneli ya Ng'ambo Iliyobebeshwa Deni la Wengine

Historia ya France Ô, chaneli ya umma ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1998 kwa jina la RFO Sat na kuzimwa usiku wa kuamkia tarehe 24 Agosti 2020, haiwezi kuelezwa kama historia ya kituo cha televisheni peke yake, kwa kuwa karibu kila hatua ya maisha yake, tangu kuzaliwa hadi kufungwa, iliamuliwa nje ya studio: wizarani, bungeni, na wakati mwingine barabarani. Chaneli hiyo ilikusudiwa watu wa maeneo ambayo Wafaransa huyaita kwa jina moja la ng'ambo, yaani visiwa na ardhi zilizobaki chini ya dola ya Ufaransa baada ya sehemu kubwa ya makoloni yake kujitawala. Maeneo hayo ni Guadeloupe na Martinique katika Bahari ya Karibi, pamoja na Saint-Martin na Saint-Barthélemy. Guyana ya Kifaransa katika Amerika ya Kusini. Réunion na Mayotte katika Bahari ya Hindi. Kaledonia Mpya, Polinesia ya Kifaransa na Wallis na Futuna katika Pasifiki. Na visiwa vidogo vya Saint-Pierre na Miquelon karibu na pwani ya Kanada. Wakazi wao wote kwa pamoja ni kiasi cha milioni 2.7. Sehemu ya Ufaransa iliyoko Ulaya itaitwa hapa Ufaransa ya bara, ingawa kisheria mzaliwa wa Fort-de-France, mji mkuu wa Martinique, na mzaliwa wa Paris ni raia wa daraja moja, na usawa huo wa kisheria ndio unaolipatia suala zima uzito wake.

Swali lenyewe ni hili: kwa nini dola iliyokuwa na chaneli kadhaa za umma ilihitaji nyingine ya pembeni kwa ajili ya raia wake yenyewe, na kwa nini ikaifunga baada ya miaka 22? Walioifunga walisema kwamba haikuwa na watazamaji. Walioitetea walisema kwamba kufungwa kwake ni dharau ile ile ya zamani kwa watu wa visiwani. Kila upande ulikuwa na haki kiasi, lakini pande zote mbili ziliruka jambo la msingi, nalo ni kwamba France Ô ilipewa kazi ambayo kwa haki ilikuwa ya chaneli kubwa, yaani kuwaonyesha Wafaransa wote nchi yao ilivyo, kisha ikahukumiwa kwa kushindwa kuifanya peke yake.

Chimbuko la chaneli liko katika uhamiaji. Sheria ya tarehe 19 Machi 1946 iligeuza makoloni manne ya zamani, yaani Guadeloupe, Martinique, Guyana na Réunion, kuwa mikoa kamili ya Ufaransa, lakini usawa wa mishahara na huduma ulichelewa mno, na kilimo cha miwa kilipoanza kuporomoka vijana wengi walibaki bila kazi. Serikali, iliyokuwa ikihofia pia siasa za kudai uhuru, iliunda mwaka 1963 ofisi iliyojulikana kwa kifupi cha BUMIDOM, iliyokuwa na kazi ya kuandaa na kulipia safari za vijana hao kwenda Ufaransa ya bara. Zaidi ya watu laki moja walipitia katika ofisi hiyo kabla ya kuvunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanaume wengi waliishia posta, forodhani na katika usafiri wa umma, na wanawake katika hospitali na majumbani mwa watu. Huko Crouy-sur-Ourcq, mashariki ya Paris, kulikuwa na kituo mahususi cha kuwafunza wasichana wa visiwani kazi za nyumbani. Kufikia mwishoni mwa karne ya 20, waliozaliwa katika mikoa ya ng'ambo na kuishi Ufaransa ya bara walikuwa zaidi ya laki tatu, bila kuhesabu watoto waliozaliwa huko huko. Mtumishi wa umma miongoni mwao alikuwa na haki ya kulipiwa safari ya kwenda kwao kila baada ya miaka 3. Katikati ya safari hizo kulikuwa na barua, simu na wageni waliokuja na habari zilizokwisha kupoa.

Utangazaji nao ulikuwa umekua kwa njia yake. Televisheni iliingia Réunion, Martinique na Guadeloupe mwaka 1964, chini ya shirika moja la taifa la redio na televisheni lililoitwa ORTF, ikaenea Pasifiki mwaka uliofuata na Guyana baada ya hapo, huku Mayotte na Wallis na Futuna zikisubiri hadi 1986. Kwa muda mrefu vipindi vilitoka Paris vikiwa katika mikebe ya filamu, vikasafirishwa kwa ndege na kuonyeshwa vilipowasili. Chombo hiki kilitoka katikati kwenda pembezoni, na sauti iliyosikika ndani yake ilikuwa ya serikali: wapinzani, hasa wakomunisti wa Réunion chini ya Paul Vergès, walinyimwa nafasi hewani, katika zama zile zile ambapo amri ya Oktoba 1960 iliiruhusu serikali kumhamishia bara kwa nguvu mtumishi yeyote wa umma aliyeshukiwa kuvuruga utulivu. ORTF ilipovunjwa mwishoni mwa 1974, vituo vya ng'ambo vilikabidhiwa chaneli ya mikoa ya FR3, na mwaka 1982, chini ya serikali mpya ya François Mitterrand, vikapewa shirika lao lenyewe lililoitwa RFO.

RFO haikupendwa mara moja, na kisa cha Réunion kinaonyesha ni kwa nini. Katika miaka ya 1980 kisiwa hicho kilikuwa na kituo kisicho na leseni kilichoitwa Télé Free Dom, kilichoanzishwa na daktari Camille Sudre, ambacho kilimruhusu mtu wa kawaida kusema kwa Kikrioli, lugha ya mama ya wengi wa wakazi, mambo ambayo kituo rasmi hakikuyagusa. Tarehe 24 Februari 1991 dola iliichukua mitambo yake. Ghasia zikalipuka katika mtaa wa Chaudron mjini Saint-Denis, na watu 8 wakapoteza maisha. Mwaka uliofuata Sudre alishinda uchaguzi wa baraza la mkoa. Funzo la tukio hilo kwa mada hii ni kwamba watu wa ng'ambo hawakuwa watazamaji wasiojali televisheni, kama walivyosawiriwa baadaye. Walijali kiasi cha kuingia barabarani, ila walidai televisheni inayozungumza kutoka kwao.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 RFO ilikuwa na vituo tisa, kuanzia Nouméa huko Kaledonia Mpya hadi Saint-Pierre, vyenye waandishi wa habari wenyeji na taarifa zao za kila siku. Ilikuwa imezoea hata kuwahudumia wasio Wafaransa, kwa kuwa tangu 1986 ilikuwa na wakala wa picha za habari aliyejulikana kama AITV, aliyezipelekea televisheni nyingi za Afrika habari zilizokwisha kuhaririwa. Kilichokosekana ni njia ya kurudi: yaliyotengenezwa visiwani hayakuonekana bara. RFO Sat, iliyoanza Machi 1998 kwa satelaiti na kwa kebo, ikiwa hewani saa chache tu kwa siku, ilikuwa njia hiyo. Kwa mara ya kwanza muuguzi wa Guadeloupe anayeishi kitongoji cha Paris angeweza kuona taarifa ya habari ya kwao, ikisomwa na mtu anayemjua, kuhusu barabara anayoifahamu.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana vizuri zaidi katika ratiba. Taarifa ya saa moja na nusu jioni ya Fort-de-France inasomwa wakati Paris, katika majira ya baridi, ni saa sita na nusu ya usiku, na mtu anayeamka alfajiri kwenda zamu ya hospitali hawezi kuisubiri. Taarifa ya saa ile ile ya Nouméa inaifikia Paris saa tatu na nusu asubuhi, watu wakiwa kazini. Ile ya Mayotte, ambayo saa zake ni zile zile za Dar es Salaam na Nairobi, inaangukia alasiri. Wahariri waliokuwa Malakoff, kitongoji cha kusini mwa Paris palipokuwa na makao makuu, walilazimika kurekodi, kupanga upya na kurudia, ili jioni moja ya Paris ibebe jioni tisa za dunia. Hakuna chaneli nyingine ya umma nchini humo iliyopangiwa kazi ya namna hiyo, na hakuna mpangilio wa saa ungeweza kuwaridhisha wote.

Mwaka 1998 haukuwa mwaka wa kawaida. Ulikuwa mwaka wa 150 tangu kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Ufaransa, na tarehe 23 Mei maelfu ya watu wenye asili ya visiwani waliandamana Paris kimyakimya kuwakumbuka mababu zao waliokuwa watumwa, jambo lililosaidia kuzaa sheria ya Mei 2001, iliyopewa jina la mbunge wa Guyana Christiane Taubira, ya kuitambua biashara ya watumwa kuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Mwaka huo huo mwandishi Calixthe Beyala, mzaliwa wa Kameruni, aliongoza kuundwa kwa kundi la Collectif Égalité lililodai watu weusi waonekane katika televisheni ya Ufaransa. Februari 2000, yeye na mwongozaji wa tamthilia Luc Saint-Éloy wa Guadeloupe walipanda jukwaani katika sherehe za tuzo za filamu za César na kulisema dai hilo mbele ya nchi nzima. Dai lao lilielekezwa kwa chaneli kubwa. Hawakuomba chaneli yao pembeni. Waliomba nafasi katika zile zilizokuwapo, ambazo kila mwenye televisheni alizilipia ada ya umma. Mabadiliko yalikuja polepole: hadi Julai 2006 ilikuwa bado ni tukio la kitaifa kwa Harry Roselmack, mwenye asili ya Martinique, kusoma taarifa ya saa mbili usiku ya TF1, chaneli kubwa ya binafsi, tena akiwa mbadala wa mwenye nafasi aliyekuwa likizo.

Hapo ndipo majukumu ya RFO Sat yalipoanza kuchanganyika. Sheria ya Julai 2004 iliiingiza RFO katika shirika la France Télévisions, linalomiliki chaneli za umma za taifa, na Februari 2005 RFO Sat ikabadilishwa jina kuwa France Ô, herufi hiyo moja ikisimama badala ya neno lote la ng'ambo. Miezi michache baadaye, katika vuli ya 2005, vitongoji vya miji mikubwa viliwaka moto kwa wiki tatu, na wakuu wa nchi wakawa wanatafuta kila chombo cha kuonyesha kwamba Ufaransa ni ya rangi zote. France Ô ilikuwa karibu. Ikaanza kuelezwa kuwa chaneli ya mchanganyiko wa watu na tamaduni, ikitarajiwa kuwavutia pia vijana wa vitongoji wenye asili ya Algeria, Mali au Vietnam, ambao Martinique haikuwahusu kwa lolote. Uamuzi huo ulikuwa na nia njema na ulikuwa kosa kubwa. Mtu wa Réunion si mhamiaji kutoka nchi ya kigeni, na mtoto wa mfanyakazi wa Algeria si mtu wa visiwani. Kuwaweka katika kapu moja kwa kuwa wote hawakuonekana TF1 kulikuwa kukiri kwamba chaneli haikuundwa kwa kile walichokuwa nacho wahusika, bali kwa kile walichonyimwa.

Msukumo wa pili ulitoka Guadeloupe. Tarehe 20 Januari 2009 muungano wa vyama vya wafanyakazi na vikundi vya kiraia ulioitwa LKP, ukiongozwa na Élie Domota, ulianzisha mgomo mkuu wa siku 44 dhidi ya ughali wa maisha, na mgomo ukaenea hadi Martinique. Wakazi wa kisiwa waliweza kufuatilia mazungumzo kati ya viongozi wa mgomo na wawakilishi wa dola moja kwa moja kwenye televisheni, wakati habari hiyo ilichukua muda kupata uzito katika chaneli za bara. Serikali ya Nicolas Sarkozy iliitisha baada ya hapo mijadala mikubwa kuhusu maeneo ya ng'ambo, na mwishoni mwa mwaka ikatangaza hatua kadhaa, mojawapo ikiwa ni kuieneza France Ô nchi nzima. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 14 Julai 2010: chaneli ilipewa namba 19 katika televisheni ya dijitali ya ardhini, yaani matangazo yanayopokelewa kwa antena ya kawaida ya juu ya paa bila malipo ya mwezi. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo mfumo huo wa dijitali ulizinduliwa ng'ambo, na France Ô ikachukua huko nafasi ya chaneli ya pili ya RFO, Tempo, huku vituo vya wenyeji vikipewa jina jipya la 1ère, yaani «ya kwanza».

Kwa ufundi, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Kwa maana ya chaneli yenyewe, yalikuwa mwanzo wa kupotea njia, kwa sababu sasa ilikuwa na watazamaji wa aina tatu ambao hawakutaka kitu kimoja. Mtu wa Martinique anayeishi Paris alitaka habari na sura za kwao. Mtu wa Martinique aliyebaki Martinique alikuwa tayari na kituo chake cha 1ère kilichomhudumia vizuri zaidi, na France Ô ilimfaa tu kama dirisha la kuwaona wenzake wa Réunion au Tahiti, watu ambao anashiriki nao pasipoti bila kuwa amewahi kuwaona. Mfaransa wa bara asiye na asili ya visiwani, ambaye kwa hoja ya kisiasa ndiye aliyehitaji zaidi kuelimishwa, hakuwa na sababu ya kubonyeza namba 19 akiwa na chaneli kumi na nane mbele yake.

Mfano wa Mayotte unaonyesha jinsi chaneli moja isivyoweza kubeba yote. Kisiwa hicho, ambacho kilikataa kuondoka pamoja na Komoro katika kura ya Desemba 1974 na kikawa mkoa kamili wa Ufaransa tarehe 31 Machi 2011, kina wakazi ambao wengi wao huzungumza nyumbani Kimaore, lugha ya Kibantu iliyo jamaa wa karibu wa Kiswahili, na wengine Kibushi, lugha yenye asili ya Madagaska. Kituo cha kisiwani husoma habari kwa Kimaore, na msikilizaji wa Mombasa au Unguja angeokota maneno mengi humo. France Ô ilitangaza karibu vipindi vyake vyote kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha pekee ambayo Nouméa, Cayenne ya Guyana na Mamoudzou ya Mayotte zilishiriki. Kwa hiyo kadiri chaneli ilivyojitahidi kuyakusanya maeneo yote, ndivyo ilivyolazimika kuacha kile kilicholifanya kila moja liwe lenyewe.

Hata hivyo ingekuwa si haki kusema kwamba haikuacha matunda yoyote. Filamu za makala kuhusu historia na jamii za ng'ambo zilipata mahali pa kuagizwa na kuonyeshwa, na watayarishaji wadogo wa visiwani walipata mteja wa uhakika. Mwaka 2013 chaneli ilianza kuonyesha Cut!, tamthilia iliyopigwa Réunion, na mwaka 2019 ikafuata OPJ, tamthilia ya polisi iliyopigwa Kaledonia Mpya. Umuhimu wa kazi hizo mbili si ubora wake wa kisanii, ambao unaweza kubishaniwa, bali ni kwamba wapiga picha, mafundi wa sauti na waigizaji wa visiwani walipata kazi ya mfululizo, jambo ambalo filamu moja inayokuja kupigwa kwa wiki tano na kuondoka haiwezi kulifanya. Kando ya hayo, saa nyingi za ratiba zilijazwa tamthilia za kununuliwa, zikiwemo telenovela za Amerika ya Kilatini, kwa sababu bajeti haikutosha kutengeneza vya kwao kutwa nzima. Baada ya 2010 uongozi mpya wa France Télévisions uliirudisha chaneli kwenye mada ya ng'ambo na kuachana na ile ya mchanganyiko, na katika miaka ya mwisho sekta hiyo ilisimamiwa na Walles Kotra, mwandishi wa habari Mkanaki, yaani wa kabila la wenyeji wa asili wa Kaledonia Mpya. Mwelekeo ulikuwa sahihi. Ulikuja chaneli ikiwa imekwisha kuzoeleka kama namba ya kurukwa.

Mnamo Juni 2018 waziri wa utamaduni, Françoise Nyssen, alitangaza mageuzi ya utangazaji wa umma, na tarehe 19 Julai serikali ikathibitisha kwamba France Ô ingeondolewa hewani kufikia mwaka 2020 na nafasi yake kuchukuliwa na tovuti. Vyombo vya umma vilitakiwa kupunguza matumizi kwa euro milioni 190 kufikia 2022. Ilikuwa imepita chini ya mwezi mmoja tangu Rais Emmanuel Macron akabidhiwe kitabu rasmi cha mipango ya maendeleo ya maeneo ya ng'ambo, na waziri wa maeneo hayo aliyelazimika kuitetea hatua hiyo, Annick Girardin, alikuwa mwanasiasa wa Saint-Pierre na Miquelon.

Hoja kuu ya serikali ilikuwa sehemu ya watazamaji, yaani asilimia ya wote wanaotazama televisheni kwa wakati fulani wanaotazama chaneli fulani, ambayo kwa France Ô ilikuwa chini ya 1. Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini inahitaji kusomwa pamoja na namna inavyopatikana. Kipimo cha kitaifa cha watazamaji nchini Ufaransa kinafanywa katika kaya za Ufaransa ya bara. Maeneo ya ng'ambo hupimwa kando, kwa tafiti za peke yake. Kwa hiyo chaneli ya ng'ambo ilihukumiwa kwa namba ambayo ndani yake watu wa ng'ambo wanaoishi kwao hawamo. Zaidi ya hilo, asilimia hupima mvuto wa kibiashara, wakati huduma ya umma imeundwa kwa ajili ya yale ambayo biashara haiyafanyi. Pamoja na hayo, watetezi wa chaneli hawakuwa na jibu la kutosha kwa swali moja gumu: ikiwa lengo lilikuwa Wafaransa wa bara wazijue nchi hizi, basi chaneli ambayo hawakuitazama haikulifikia, hata kama kosa halikuwa lake.

Maseneta na wabunge wa ng'ambo, wasanii na wafanyakazi walipinga kwa maazimio na kampeni. Mwezi Julai 2019 serikali na France Télévisions zilitia saini mkataba wa kuyafanya maeneo ya ng'ambo yaonekane, wenye ahadi 25, uliokusudiwa kuyaingiza katika chaneli kubwa: katika habari, katika tamthilia, hata katika ramani za utabiri wa hali ya hewa, ambazo kwa miaka mingi ziliishia Korsika. Kwa nadharia, huo ndio uliokuwa msimamo wa Collectif Égalité mwaka 2000, na haikosi kushangaza kwamba dola iliukubali siku ilipohitaji kubana matumizi.

Mlipuko wa UVIKO-19 ulileta ulinganisho ambao hakuna mtafiti angeweza kuupanga vizuri zaidi. France 4, chaneli ya watoto na vijana, ilikuwa imepangiwa kufungwa pamoja na France Ô mwezi Agosti 2020. Shule zilipofungwa mwezi Machi, France 4 ilijazwa masomo yaliyofundishwa na walimu halisi, familia zikaitazama, na serikali ikaiongezea mwaka mmoja, kisha Mei 2021 ikathibitisha kwamba ingebaki. France Ô iliongezewa majuma mawili tu. Tofauti haikuwa katika ubora. France 4 iligeuka kuwa haja ya wapiga kura wa Ufaransa ya bara, na France Ô haikuwa nayo nafasi hiyo.

Yaliyofuata yanaruhusu hukumu ya awali. Tovuti ya pamoja ya vituo vya 1ère, iliyozinduliwa Juni 2020, inahifadhi taarifa za habari za visiwa vyote na inamfaa mhamiaji kuliko ratiba ya zamani, kwa kuwa anaitazama taarifa ya kwao saa anayoitaka. Kwa huyo, teknolojia ilikuwa imekwisha kuipita chaneli kabla serikali haijaigusa. Tamthilia zilizopigwa visiwani zimeingia France 2 na France 3 kwenye saa za watazamaji wengi, mfano ukiwa Tropiques criminels ya Martinique, iliyoanza 2019. Lakini nyingi ya hizo ni hadithi za mauaji na polisi, ambamo kisiwa ni mandhari ya bahari na minazi, na kuonekana kwa namna hiyo si sawa na kusikilizwa. Filamu ya makala kuhusu sumu ya klordekoni katika mashamba ya migomba, au kuhusu uhaba wa maji Mayotte, haina tena mlango wake wa uhakika. Inabisha hodi katika chaneli ambazo wahariri wake wana mambo mengine mengi ya kuchagua.

Uamuzi wa kufunga chaneli yenye majukumu matatu yaliyopingana unaweza kutetewa. Usioweza kutetewa ni uamuzi wa kuifunga kabla ya chaneli kubwa kuonyesha kwa mwaka mmoja au miwili kwamba zimeipokea kazi yake, kwa kuwa deni lililobebwa na France Ô lilikuwa lao tangu mwanzo. Tarehe 4 Oktoba 2020, wiki sita kamili baada ya chaneli kuzimwa, Kaledonia Mpya ilipiga kura ya pili ya kuamua kama itajitenga na Ufaransa, na waliotaka kubaki walishinda kwa asilimia 53.26 tu, na nchi haikuwa na chaneli ya taifa ya kuieleza kura hiyo kutwa nzima. Namba 19 ilikaa tupu hadi tarehe 1 Februari 2021, ilipopewa Culturebox, chaneli ya muda ya muziki na maonyesho iliyoanzishwa na France Télévisions kwa sababu kumbi za Ufaransa zilikuwa zimefungwa na wasanii hawakuwa na pa kuonekana.